Maswali ya Wasomaji: Vim ni jozi, faili moja halitoshi

Maswali tuliyoyachagua safari hii yote yanahusu Vim, kihariri cha maandishi cha kwenye terminali, kwenye mifumo ya jamii ya Unix: Linux, BSD na macOS. Tumeanza na lile ambalo jibu lake linafungua mengine, kwa hiyo hata kama tatizo lako liko chini zaidi, pitia kwanza hili la juu.

Swali: Nimekompaili Vim 9.1, yaani kuijenga kutoka msimbo wake, kwenye kompyuta yangu, nikalichukua faili la `vim` na kulinakili kwenye `/usr/local/bin` ya seva. Inafunguka, lakini inaanza na kosa E1187, maandishi hayana rangi, na `:help` haileti kitu. Kwenye kompyuta yangu kila kitu ni sawa. Seva ina kasoro gani?

Jibu: Seva haina kasoro. Ulichokipeleka huko ni nusu ya Vim. Programu hii ni jozi: faili moja linaloendeshwa, na folda nzima ya mafaili saidizi yanayosomwa kila Vim inapofunguka. Faili la kuendeshwa linajua kufungua maandishi, kuyahariri, kutafuta na kuhifadhi. Halijui neno `def` la Python lipakwe rangi gani, halijui mstari unaofuata `if` usogezwe ndani kiasi gani, na halina hata ukurasa mmoja wa msaada. Hayo yote yamo kwenye folda za `syntax`, `ftplugin`, `indent`, `colors`, `autoload`, `doc` na nyinginezo, ambazo kwa toleo la 9.1 huwekwa pamoja ndani ya `/usr/local/share/vim/vim91`.

Kosa unaloliona lenyewe linakuambia ni nusu ipi imekosekana. E1187 maana yake Vim imeshindwa kusoma `defaults.vim`, faili la mipangilio ya awali ambalo husomwa pale tu mtumiaji asipokuwa na `~/.vimrc` yake. Mwenye `~/.vimrc` iliyo na mstari wa `syntax on` hataiona E1187 kabisa. Yeye atapata E484, kwamba faili la `syntax/syntax.vim` halikufunguka. Akiwa na `colorscheme` ataongezewa E185. Watu wawili kwenye seva moja wanaweza kuleta malalamiko tofauti kabisa, na ugonjwa ni mmoja.

Vim huitafutaje folda hiyo? Kwanza hutazama kigeu cha mazingira `VIMRUNTIME`, kisha `VIM`. Visipokuwepo, kwenye Unix hurudi kwenye njia iliyoandikwa ndani ya programu yenyewe siku ilipokompailiwa. Haitazami jirani na pale faili la programu lilipo. Ndiyo maana kulihamisha faili hakuifanyi folda ilifuate. Njia hiyo unaweza kuiona kwa `vim --version`: karibu na mwisho wa maelezo kuna mstari unaotaja `fall-back for $VIM` na njia yake. Ndani ya Vim, `:echo $VIMRUNTIME` hukupa folda inayotumika kweli wakati huo. Amri hizi mbili zizoee, kwa sababu nusu ya uchunguzi wote wa Vim huanzia hapo.

Sasa tiba. Njia safi ni kusakinisha jozi yote mahali pa muda, kuifunga, kisha kuifungulia kwenye seva. Ukiwa ndani ya folda ya msimbo:

`make install DESTDIR=/tmp/vimkamili`

`tar -C /tmp/vimkamili/usr/local --owner=0 --group=0 -czf vim.tar.gz bin share`

Kwenye seva:

`sudo tar -C /usr/local --no-overwrite-dir -xzf vim.tar.gz`

Chaguo hizo za `tar` ni za GNU, na kila moja ina kazi. Bila `--owner=0 --group=0`, mafaili yatafunguliwa yakiwa mali ya namba yako ya mtumiaji, na kwenye seva namba hiyo huenda ni ya mtu mwingine, ambaye sasa ataweza kuibadilisha Vim ya kila mmoja. Bila `--no-overwrite-dir`, `tar` itabadilisha pia mwenyewe na ruhusa za folda zilizokuwepo tayari, kama `/usr/local/bin`. Usijaribu kufunga kila kitu kwa nukta na kukifungulia kwenye `/`. Utajikuta umebadilisha ruhusa za mzizi wa mfumo mzima.

Wengi huchanganya `DESTDIR` na `--prefix`, na kosa hilo huzaa hitilafu ileile ya kwako. `--prefix` hupewa `configure` kabla ya kukompaili na huandikwa ndani ya programu. `DESTDIR` hupewa `make install` na haiandikwi popote. Ni mahali pa kupakilia mzigo tu. Mtu akiandika `make install DESTDIR=$HOME`, atapata `$HOME/usr/local/bin/vim` inayoendelea kutafuta mafaili yake kwenye `/usr/local/share/vim`, ambako hakuna kitu.

Tahadhari ya mwisho kwa njia hii ya kuhamisha: programu iliyokompailiwa kwenye mfumo mpya inaweza kukataa kufunguka kwenye mfumo wa zamani, ikitaja kwamba toleo fulani la GLIBC, maktaba ya msingi ya Linux nyingi, mfano `GLIBC_2.34`, halipo. Mfumo mpya unaendesha programu za zamani. Kinyume chake mara nyingi hakiwezekani. Kompaili kwenye mashine ya zamani kuliko zote ulizonazo. Na ukiipeleka kwenye Alpine, aina ya Linux inayotumia maktaba ya musl badala ya glibc, sheli itakwambia faili halipo huku unaliona kwa `ls`. Kisichopatikana hapo ni kipakiaji cha maktaba ambacho faili linakihitaji. Amri ya `ldd` kwenye mashine ya kwanza itakuonyesha maktaba zote linazozitegemea.

Swali: Kwenye seva tunayotumia sina nenosiri la msimamizi, na Vim iliyopo ni ya zamani mno. Je, naweza kuweka yangu ndani ya folda yangu ya nyumbani bila kumsumbua mtu?

Jibu: Unaweza, na inafanya kazi vizuri sawa na ile ya mfumo. Mradi seva ina kompaila, `make` na maktaba ya terminali, hatua ni hizi:

`git clone --depth 1 https://github.com/vim/vim.git`

`cd vim/src`

`./configure --prefix=$HOME/.local`

`make -j4`

`make install`

Chaguo la `--depth 1` huleta hali ya sasa tu bila historia ya mradi, ambayo ni ndefu na itakula nafasi yako bure. Angalia pia kiwango cha diski ulichopewa: mafaili saidizi pekee ni makumi ya megabaiti, na folda ya kukompailia ni kubwa zaidi. Ukimaliza kusakinisha na ukaridhika, unaweza kuifuta folda ya msimbo, ingawa tunashauri uitunze mpaka usome jibu la mwisho hapa chini.

Hapo `vim` itakuwa `~/.local/bin` na jozi yake `~/.local/share/vim/vim91`, au jina jingine kama toleo limepanda. Ongeza mstari huu kwenye `~/.profile`, au kwenye `~/.bash_profile` kama unayo, kwa kuwa bash ikiikuta hiyo haiisomi `~/.profile`:

`export PATH="$HOME/.local/bin:$PATH"`

`PATH` ni orodha ya folda ambamo sheli hutafuta programu, na folda yako lazima itangulie. Ukiiweka mwisho, sheli itaikuta ya mfumo kwanza na kuishia hapo. Kisha endesha `type -a vim`, itakayoorodhesha kila Vim inayoonekana kwa mpangilio. Kama orodha ni sawa lakini bado inafunguka ya zamani, sheli imekariri njia ya awali. Amri ya `hash -r` itaisahaulisha.

Yako mambo matatu yanayokwamisha watu hapa. La kwanza ni `configure` kusimama ikisema hakuna maktaba ya terminali. Kwenye Debian na Ubuntu kifurushi kinachohitajika ni `libncurses-dev`, kwenye Fedora ni `ncurses-devel`. Angalia miisho ya `-dev` na `-devel`: maktaba yenyewe kwa kawaida ipo tayari kwa ajili ya programu nyingine, kinachokosekana ni mafaili ya kukompailia. Kama huwezi kumwomba msimamizi, pakua msimbo wa ncurses, uukompaili kwa `./configure --prefix=$HOME/.local --disable-widec`, kisha `make` na `make install`, halafu rudi kwa Vim:

`LDFLAGS=-L$HOME/.local/lib CPPFLAGS=-I$HOME/.local/include ./configure --prefix=$HOME/.local --with-tlib=ncurses`

Bila chaguo jingine, ncurses hujengwa kama maktaba inayomezwa ndani ya programu, kwa hiyo hutahitaji kugusa `LD_LIBRARY_PATH`. Hilo ni jema. Kigeu hicho kikiwekwa cha kudumu huvuruga programu nyingine ambazo hazina hatia.

La pili: `./configure` ikijibu kwamba huna ruhusa ilhali `ls -l` inaonyesha ruhusa ipo, diski hiyo huenda imeunganishwa kwa chaguo la `noexec`, linalozuia kuendesha programu zilizomo. Amri ya `mount | grep noexec` itathibitisha. Kama ni `/tmp` pekee, kompaili nyumbani. Kama ni folda za nyumbani zenyewe, msimamizi ameamua hivyo makusudi, na hapo huna budi kuzungumza naye.

La tatu halihusu kusakinisha moja kwa moja, ila litakufikia siku utakapopewa ruhusa ya `sudo`. Ukiandika `sudo vim`, mara nyingi utafunguliwa Vim ya mfumo, kwa sababu `sudo` hutumia orodha yake ya njia. Usihangaike kuibadilisha. Weka `export EDITOR=$HOME/.local/bin/vim` kisha tumia `sudo -e` ikifuatiwa na jina la faili. Faili hunakiliwa kwa muda, unalihariri kwa Vim yako ukiwa mtumiaji wa kawaida, na ukifunga hurudishwa mahali pake. Ni salama zaidi pia, maana plagini zako haziendeshwi kwa mamlaka ya `root`.

Swali: Nimekompaili mara tatu na bado `vim --version` inaonyesha `-clipboard` na `-python3`. Maktaba nimeshaziweka. Nifanyeje?

Jibu: Uliziweka baada ya kuendesha `configure` mara ya kwanza, sivyo? `configure` huhifadhi majibu yake ndani ya `src/auto/config.cache`. Ilipouliza mara ya kwanza na kuambiwa hakuna X11, mfumo wa madirisha wa Unix, iliandika hapana, na tangu hapo inasoma jibu hilo badala ya kuchunguza upya. Futa kumbukumbu hiyo kwanza:

`make distclean`

kisha endesha `configure` na chaguo zako zote tena, kwa kuwa na zenyewe zimefutika. Ni vizuri kuziandika kwenye faili dogo la sheli ili usizitegemee kichwani.

Kwa ubao wa kunakili wa X, kwenye Debian unahitaji `libx11-dev` na `libxt-dev`. Ya pili husahauliwa sana, na bila hiyo Vim huachana na X11 yote. Kwa Python unahitaji `python3-dev` na chaguo la `--enable-python3interp`.

Kuna tabia moja ya Vim ambayo inafaa kujulikana zaidi. Ukiiomba kitu na maktaba yake haipo, haisimami. Inaendelea kimya kimya na kukupa programu isiyo na kitu hicho. Chaguo la kuizuia lipo, `--enable-fail-if-missing`, na kwa maoni yetu kila anayekompaili akiwa na mahitaji maalumu alitumie. Heri `configure` ikukatalie mapema kuliko kugundua upungufu siku ya kazi. Na kabla ya `make install`, jaribu hapohapo ndani ya `src`:

`VIMRUNTIME=../runtime ./vim --version`

Kigeu hicho cha mbele kina maana zaidi ukifungua Vim yenyewe kwa majaribio. Ukiandika `./vim` peke yake, programu mpya itasoma mafaili saidizi ya zamani yaliyosakinishwa, na utahukumu jozi isiyokuwa jozi.

Swali: Kwenye Debian mpya nikiandika `vi` nikaanza kuandika, vitufe vya mishale vinatoa herufi A, B, C na D. Rangi hakuna, na mistari kadhaa ya `.vimrc` yangu inaleta E319.

Jibu: Hiyo ni `vim-tiny`, Vim iliyopunguzwa ambayo Debian huiweka ili mfumo mdogo usikose `vi`. Haina lugha ya skripti wala mafaili saidizi, na ikiitwa kwa jina la `vi` huiga tabia za `vi` ya asili. Ndiko mishale inakotolea herufi. E319 inasema tu kwamba amri uliyoandika haimo kwenye toleo hili. Endesha `sudo apt install vim`. Kifurushi hicho huja na `vim-runtime`, ile nusu ya pili ya jozi. Kama baada ya hapo `vi` bado inafungua ndogo, chagua kwa `sudo update-alternatives --config vi`.

Swali: Kwa nini nisiweke `--prefix=/usr` ili Vim yangu ichukue nafasi ya ile ya mfumo moja kwa moja?

Jibu: Kwa sababu `/usr` ina mwenyewe, naye ni msimamizi wa vifurushi. Siku apt au dnf itakapoleta sasisho la Vim, itaandika juu ya faili lako la programu bila kukuuliza. Ukiwa na bahati mbaya utabaki na faili la kwao na mafaili saidizi ya kwako. Kwenye macOS huwezi hata ukitaka: tangu toleo la 10.11 la mwaka 2015, mfumo huzuia kuandika ndani ya `/usr/bin` hata kwa `root`. `/usr/local` iliachwa wazi kwa kazi hii hasa. Kwenye FreeBSD, hata hivyo, `/usr/local` ndiko vifurushi na ports huwekwa, kwa hiyo huko chagua njia nyingine, kama `/opt/vim`, na uongeze `/opt/vim/bin` kwenye `PATH`.

Swali: Nilirekebisha mafaili ya rangi na kuongeza plagini mbili. Baada ya kusakinisha upya kila kitu kimepotea. Halafu, toleo la zamani naliondoaje?

Jibu: Uliyaweka ndani ya `vim91`, na folda hiyo si yako. Kila `make install` huandika upya yaliyomo bila kuuliza, na toleo kubwa likipanda hufunguliwa folda mpya yenye jina jingine, kama `vim90` ilivyoachia `vim91`. Vya kwako vina mahali pake. Vya mtumiaji mmoja huwekwa `~/.vim`, vya watumiaji wote wa mashine huwekwa `/usr/local/share/vim/vimfiles`, jirani na `vim91` na si ndani yake. Plagini ziwekwe chini ya `~/.vim/pack/zangu/start/`, kila moja na folda yake. Neno `zangu` ni jina lolote upendalo.

Kwa rangi, amua kwanza unataka nini. Vim hupitia folda kwa mpangilio huu: `~/.vim`, kisha `vimfiles`, kisha `vim91`, halafu folda za `after` za `vimfiles` na za `~/.vim`. Ukitaka kuongeza mambo machache juu ya yaliyopo, andika kwenye `~/.vim/after/syntax/python.vim`, litasomwa mwisho na neno lako ndilo litakalosimama. Ukitaka kulibadilisha faili lote, weka nakala yako kwenye `~/.vim/syntax/python.vim`. Litasomwa kwanza, na likiweka alama ya `b:current_syntax`, lile la asili litajiondoa lenyewe. Amri ya `:scriptnames` itakuorodheshea kila faili lililosomwa na mpangilio wake. Plagini yenye maelezo ya msaada isipoonekana kwenye `:help`, na ukapata E149, endesha `:helptags ALL` mara moja.

Kuhusu kuondoa: rudi kwenye folda ya msimbo uliyosakinishia, na kabla ya kuvuta mabadiliko mapya kwa `git pull`, endesha `sudo make uninstall`. Mpangilio huo ni muhimu, kwani jina la folda inayofutwa linatoka kwenye msimbo uliopo wakati huo. Ukivuta kwanza na toleo likapanda, itatafuta folda mpya na kuiacha ya zamani. Kama msimbo umeshaufuta, ondoa kwa mkono: `vim`, `xxd` na `vimtutor` kwenye `bin`, viungo vya `ex`, `view`, `rvim`, `rview` na `vimdiff` vinavyoelekea kwenye `vim`, kurasa zake chini ya `share/man`, na folda ya `share/vim/vim91`. Kabla ya kufuta kiungo kitazame kwa `ls -l`, uhakikishe kinaelekea huko kweli.

Unaposakinisha toleo jipya, zifunge kwanza Vim zote zilizo wazi. Si kwa sababu faili la programu litagoma. Amri ya `make install` hulihamisha la zamani kando kabla ya kuweka jipya, kwa hiyo hutaona lile kosa la `Text file busy` linalompata anayenakili kwa `cp`. Tatizo ni kwamba mafaili ya `autoload` husomwa yanapohitajika tu. Vim iliyofunguliwa asubuhi ikihitaji moja jioni, italisoma jipya kwa programu ya zamani, na ikikutana na amri isiyoifahamu italeta makosa ambayo hayatatokea tena ukiifunga na kuifungua upya.